Shahada ya Pili ya Mambo ya Fedha, na Mashamba Yetu



Katika miaka hii limezuka swali ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa, nasi walimu wa vyuo twaulizwa karibu kila mwezi. Kijana amekwisha khitimu Kurani kwetu, akamaliza sekondari hapa Pemba, akavuka bahari kwenda Unguja au Dar es Salaam na huko akapata shahada ya kwanza ya uhasibu au ya uchumi. Sasa ataka shahada ya pili ya mambo ya fedha katika nchi za ng'ambo, apate na kazi huko huko. Wazazi wake hawajui la kumwambia katika mambo ya chuo kikuu, humshika mkono wakamleta kwa maalim, na neno lao ni moja: "Maalim, hii ni halali?"

Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi; hatukupata kukaa katika darasa la chuo kikuu hata siku moja. Walakini tumesomesha zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi wetu wa zamani leo wako Maskati, Dubai, London na Kuala Lumpur, na baadhi yao wamo katika kazi hizi hizi za fedha. Nasi huwauliza mambo yao kama tuulizavyo bei ya karafuu, bila ya haya. Tuliyoyapata kwao ndiyo tunayoyaweka mbele ya wazazi, khasa wale ambao kijana wao amekwisha pata barua ya kukubaliwa na sasa angojea fedha tu.

Tuanze na hilo la halali. Shauri la riba limekwisha katwa katika Suratul Baqara, wala hapana maalim awezaye kulilegeza. Na katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) hakumlaani mla riba peke yake, bali pamoja naye mwenye kuilipa, na mwenye kuiandika, na mashahidi wake wawili. Hapo penye mwandishi ndipo wazazi wetu wanaposhituka, maana karani wa benki kazi yake ni kuandika. Khofu hiyo ni ya haki, nasi hatuwaambii waiondoe. Lakini kusoma namna riba inavyohisabiwa si kuiandika. Tena kazi za fedha si kukopesha tu. Yuko mkaguzi wa hisabu; yuko mwenye kuthamini kampuni kabla ya kununuliwa; yuko mtunza hazina ya kiwanda au ya shirika la ndege; yuko mwenye kusimamia mali za wakfu. Wako pia wenye hisabu za bima, na siku hizi bima ya ushirika, yaani takaful, yataka watu hao hao. Basi anayetaka fat'wa asiulize juu ya jina la shahada. Aulize juu ya kazi atakayoifanya baada yake.

Twasema hivi kwa sababu ya baba mmoja, jirani yetu, aliyetujia na mwanawe na barua mbili. Barua ya kwanza ilitoka London: shahada ya pili ya mambo ya fedha, mwaka mmoja. Ya pili ilitoka Kuala Lumpur: shahada ya pili ya fedha za Kiislamu. Yule baba alikwisha hukumu kabla hajaketi. Hii ya Malaysia ina jina la Uislamu, ndiyo halali. Ile ya London haina, ndiyo haramu. Mwanawe alikuwa ameinama. Yeye moyo wake ulikuwa London.

Hatukukubaliana na baba, wala hatukukubaliana na mtoto.

Tulimweleza yule mzee khabari ya Ahmad El Najjar wa Misri. Mtu huyu alisoma uchumi Ujerumani. Hakuna chuo kilichompa karatasi yenye jina la fedha za Kiislamu, kwa kuwa elimu hiyo haikuwa imepewa jina bado. Huko aliziona benki ndogo za akiba za miji ya Wajerumani, ambamo mafundi na wakulima huweka fedha zao kidogo kidogo. Akazitazama kwa jicho la Mwislamu, akarudi kwao, na mwaka 1963 akafungua katika mji wa Mit Ghamr benki ya akiba isiyotoza riba wala kuilipa. Haikudumu miaka mingi, ilifungwa kabla ya mwisho wa miaka ile ya sitini. Lakini ndiyo watu waihisabuyo kuwa mwanzo wa benki za Kiislamu za zama hizi. Zilizokuja baadaye, kama Dubai Islamic Bank ya mwaka 1975 na Bank Islam ya Malaysia ya mwaka 1983, zilikuta njia imekwisha fyekwa na mtu aliyesoma hisabu kwa makafiri na fiqhi kwao.

Hapo ndipo lilipo neno letu kubwa. Kijana wa Pemba aliyesoma chuoni hatoki mikono mitupu. Akiwa amefika kwenye matini ya Abu Shujaa, amekwisha soma mlango wa biashara, wa riba, wa salam, wa rehani, wa ushirika, na wa kiradhi, ambao huko ng'ambo waitwa mudharaba. Vijana wa nchi nyingine hulipa maelfu ya dola ili wafundishwe mwanzo wa milango hiyo kwa Kiingereza. Sisi tumewapa watoto wetu kwa ada ya chuo, na mara nyingine kwa kuni na maji. Basi mtoto kama huyo asiende kununua kwa pauni alichopewa kwetu. Akanunue asichokuwa nacho: takwimu, hisabu za khatari, uthamini wa kampuni, sheria za masoko ya mitaji, na Kiingereza cha kuandikia. Ama yule ambaye hakusoma fiqhi, au aliyeisoma akaisahau (nao ni wengi, tunawajua kwa majina), huyo shahada ya fedha za Kiislamu itamfaa sana, na Kuala Lumpur ni mahali pake. Huko kiko chuo cha INCEIF, kilichoanzishwa na Benki Kuu ya Malaysia mwaka 2005 kwa ajili ya elimu hii, na kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, kilichofunguliwa mwaka 1983. Uingereza nako inasomeshwa, Durham, na Markfield karibu na Leicester.

Lakini aendaye huko asidhani kwamba jina hilo limemaliza kila shaka. Wanachuoni wenyewe wanakhitalifiana. Kwa miaka mingi benki za Malaysia zilitumia bei ya ina: benki hukuuzia kitu kwa deni, kisha hukinunua tena kwako papo hapo kwa fedha taslimu pungufu. Wao husema wanafuata madhehebu ya Imam Shafii, kwa kuwa yeye hutazama sura ya mkataba na nia huiacha kwa Mola wake; wanachuoni wa Ghuba waliikataa. Iko pia tawaruki ya kupangwa: benki hukuuzia bidhaa kwa deni, kisha yenyewe huiuza kwa niaba yako kwa mtu mwingine, nawe bidhaa hukuiona kwa macho wala hutaiona. Hii Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lililokutana Sharjah mwaka 2009 liliamua kuwa haifai. Na benki nyingi zingali zikiitumia. Kijana atakayekaa katika kiti cha benki ya Kiislamu bila ya kuzijua tofauti hizi ataandika asichokijua, huku akidhani jina la mlangoni limemkinga.

Nasi watu wa visiwa hivi hatufai kuona ajabu. Babu zetu waliijua bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu akihitaji fedha alimwuzia tajiri shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, kisha akabaki humo humo akilipa kodi kila mwaka. Kwa sura ilikuwa biashara na ijara, na kwa kweli ile kodi ilisimama mahali pa riba. Kwa njia hiyo na kwa rehani, mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalizama katika madeni, mpaka serikali ya wakati ule ikalazimika mwaka 1934 kutunga sheria za kuzuia yasihamishwe kwa wenye kukopesha. Hiyo nayo ni elimu ya fedha, na wenyeji wake ni sisi.

Turudi kwa wale wageni wetu. Tulimwuliza kijana: "Mwanangu, kazi utaifanya nchi gani?" Akajibu, "Popote, Maalim, itakapopatikana." Jibu hili twalisikia kwa vijana wengi, na ndilo linalowapoteza. Shahada husomwa nchi moja, na kibali cha kazi hutolewa na serikali ya nchi hiyo, si na chuo.

Itazameni Uingereza. Tangu Julai 2021 mwenye kumaliza shahada huko huruhusiwa kubaki miaka miwili akitafuta kazi. Lakini atakayeomba ruhusa hiyo kuanzia Januari 2027 atapewa miezi kumi na minane tu. Ikisha hiyo, hana budi apate mwajiri wa kumdhamini, na mshahara wa kawaida uliowekwa kwa kibali hicho umepanda hata ukafika pauni 41,700 kwa mwaka tangu Julai 2025, ingawa vijana waliotoka masomoni huwekewa kiwango cha chini kidogo. Na liko jingine ambalo wazazi huwa hawalijui: tangu Januari 2024 anayekwenda kusoma shahada ya pili ya darasani haruhusiwi kumchukua mke wala watoto. Kijana yule alikuwa ameoa miezi minane iliyopita. Mkewe hakuwamo katika mazungumzo yale, na sisi tuliuliza kwa nini.

Ama Oman, kila nyumba ya Pemba ina ndugu huko, na kwa hivyo twadhani milango i wazi. La. Oman imekuwa ikiwatanguliza raia wake katika kazi tangu mwaka 1988, na mabenki ni katika waliotangulia kutimiza amri hiyo; kazi za karani na za kaunta mgeni asizitumaini. Lililo kweli ni hili: Oman ilikuwa ya mwisho katika nchi sita za Ghuba kuruhusu benki za Kiislamu, mwaka 2011, na Bank Nizwa ikaanza kazi Januari 2013, kwa hiyo wajuzi wa ukaguzi wa kisharia hawajawa wengi kama walivyo Bahrain au Dubai. Nafasi ya mgeni, ikipatikana, ni ya ujuzi adimu. Mwanafunzi wetu mmoja aliye Dubai alitwambia kwamba waajiri wa huko hawakumwuliza sana juu ya shahada yake ya pili. Walimwuliza kama ana CFA, nayo ni mitihani mitatu ya kimataifa ambayo mtu aweza kuisoma akiwa kazini, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ada ya London. Kwa ukaguzi wa kisharia walitaka sanadi ya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya hisabu na sharia kwa benki za Kiislamu tangu mwaka 1991. Huko Bahrain ndiko walikoshikilia funguo. Ajabu ni kuwa vijana wetu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Tena nchi za nje zisitufiche jirani. Kenya ilifungua benki mbili za Kiislamu mwaka 2008, Gulf African na First Community. Hii ya pili ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia mwaka 2023, ikabadilishwa jina. Dar es Salaam ipo Amana Bank tangu Novemba 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar ilifungua huduma za Kiislamu mwaka huo huo. Kijana aliyefanya kazi miaka miwili mahali kama hapo huenda ng'ambo akiwa na la kusema. Yule aliyetoka darasa hadi darasa hana. Na ile shahada iitwayo MBA, ambayo wengi huitamani kwa sababu ya umashuhuri wake, vyuo vikubwa havimpokei mtu kwayo ila amekwisha fanya kazi miaka kadhaa.

Sasa fedha. Hapa ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa mazito.

Ada peke yake katika vyuo mashuhuri vya London kwa shahada hii hupita pauni 40,000. Tukihisabu pauni moja kwa shilingi 3,300, hizo ni shilingi milioni 132. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kwa miaka kadhaa lilinunua karafuu za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo moja. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: ni zaidi ya tani tisa za karafuu kavu, kwa ada tu, kabla ya chakula na malazi, ambavyo serikali ya Uingereza hutaka mwanafunzi wa London aonyeshe kuwa anavyo, zaidi ya pauni 1,400 kwa kila mwezi kwa miezi tisa. Na mkarafuu, kama tujuavyo sote, hauzai vizuri kila mwaka. Malaysia ni nafuu sana kuliko hapo, walakini nayo si ya bure.

Yule baba akasema ana shamba. Alikuwa amepata mtu wa kumpa fedha, na shamba likae rehani mpaka kijana aanze kazi. Tukamwuliza shamba lile ni lake tangu lini. Akasema ni la marehemu baba yake. Tukamwuliza limegawanywa? Akanyamaza. Tunamfahamu marehemu; aliacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na mmoja katika hao wa kike amefariki naye akaacha mayatima. Shamba halikugawanywa mpaka leo. Mwenye kuchuma huchuma, na mwenye haya hunyamaza. Basi tukamwambia waziwazi: "Bwana, ulikuja kuuliza kama masomo haya ni halali. Masomo hayana neno. Kisichokuwa halali ni kuwatia rehani dada zako na mayatima wa dada yako ili mwanao asome." Alikasirika. Alisema mali ile itarudi mara kumi kijana akishaajiriwa. Nasi tukamjibu kwamba mwenye fungu ndiye mwenye kukubali kulitia katika khatari, na wenye mafungu hawakuulizwa. Na mayatima hata wakiulizwa, idhini yao si idhini. Aliondoka na kahawa yake ikiwa kikombeni.

Baada ya siku kadhaa tulimwendea nyumbani, kwa kuwa jirani ni jirani, tukamsimulia khabari ya Wamalei. Wakulima wa Malaya walikuwa wakiuza mashamba na ng'ombe ili waende Hija, wakarudi Mahaji wasio na kitu. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Aziz, akaandika shauri: watu wawekewe mfuko usio na riba, kila mtu aweke kidogo kidogo, mfuko ufanye biashara ya halali, na ikifika zamu yake asafiri bila ya kuuza ardhi. Mfuko ule ukaanza kazi mwaka 1963, nao ndio Tabung Haji ya leo. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hao walikwenda Makka. Mimi nampeleka mtoto London." Hatukuwa na haja ya kuongeza neno.

Kwa wazazi wengine tutaje njia zilizopo. Serikali ya Uingereza ina ufadhili wa Chevening tangu mwaka 1983, hulipa yote kwa shahada ya mwaka mmoja. Lakini hutaka saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na humtaka msomi arudi kwao akae si chini ya miaka miwili. (Vijana huliona sharti hili kuwa adhabu, wazazi tuliowaeleza wamelipenda.) Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ina ufadhili pia, na ingawa Tanzania si mwanachama wake, tangu mwaka 1983 uko mpango kwa ajili ya Waislamu wa nchi zisizo wanachama, isomwe kwanza orodha ya masomo ya mwaka ule kabla ya kijana kujitaabisha. Iko pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar. Ama zile kampuni za ng'ambo zinazomkopesha mwanafunzi kwa riba bila ya mdhamini, kijana anayekwenda kusoma njia za kuiepuka riba akianza safari kwa kuisaini, sisi hatuna fat'wa ya kumpa.

Na mabinti wasisahauliwe. Chuo kile cha INCEIF husomesha pia kwa njia ya intaneti. Darasa la saa mbili za usiku Kuala Lumpur kwetu ni saa tisa za mchana, na binti aweza kulisoma akiwa Wete kwa wazee wake. Anayesema hisabu za mali si kazi ya wanawake amesahau Bibi Khadija (r.a.) alikuwa nani, na Mtume (s.a.w.) alikwenda Sham na mali ya nani.

Yule kijana hakwenda London mwaka huu; siku ya mwisho ya kulipa amana ilipita na shamba halikutiwa rehani. Barua ya Kuala Lumpur ameiomba iahirishwe. Amepata kazi ya uhasibu Chake Chake, ahisabu saa zake, na jioni asoma kwa mtihani wa kwanza wa CFA. Baada ya Isha, siku tatu kwa wiki, huja kwetu kurudia mlango wa kiradhi aliokuwa amekwisha usahau. Juzi alituuliza: mali ikipotea pasipo uzembe wa mtendaji, hasara ni ya nani? Tukamjibu kuwa ni ya mwenye mali, na mtendaji amekosa jasho lake. Akachukua kalamu, akaliandika pembeni mwa kile kitabu chake cha Kiingereza, kisha akauliza tena: na ikiwa mwenye mali ni mayatima?